Ni Video Ile Ile, Shangazi

Shangazi yangu yuko Doha tangu 2016. Analea watoto wa wenyewe, anaosha nyumba ya wenyewe, na siku yake ya kupumzika ikifika anatupigia simu ya video, mmoja baada ya mwingine, kama daktari anayepita wodini. Mwaka 2021 mama yake, ndiye nyanya yangu, alifariki kule Wundanyi, na shangazi hakupata ruhusa ya kuja kumzika. Mazishi aliyatazama kwenye simu, amejifungia bafuni.

Mwaka jana akaniomba video ya nyanya akichambua maharagwe. Niliirekodi Desemba 2019, jikoni kwake, dakika nne, bila sababu yoyote ya maana. Nilikuwa tu najaribu simu mpya. Nikaitafuta, nikamtumia. Baada ya saa moja hivi ukaingia ujumbe wa sauti. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka ugomvi.

"Mwanangu, mbona mkono wa mama hauna kovu? Umemtengeneza?"

Kumtengeneza, yaani kumpaka zile filta za kulainisha ngozi. Shaka yake haikuwa ya bure. Mimi hula kwa kuhariri video: harusi, mazishi, matangazo ya ploti. Nimewaondolea mabibi harusi chunusi nyingi sana. Nikamjibu papo hapo, bila hata kuifungua video yenyewe: "Sijagusa kitu, shangazi. Ni video ile ile."

Halafu nikaifungua. Kweli, kovu halipo. Mkono wa kushoto wa nyanya, ule uliokuwa na kovu jekundu-kahawia kuanzia karibu na kidole gumba, ni laini kama mkono wa msichana. Unaingia kwenye ungo, unatoka, unatupa jiwe dogo pembeni, na ngozi yake haina historia yoyote.

"Sijagusa kitu" ilikuwa kweli. Hiyo "ile ile" ndiyo imeninyima usingizi.

Hebu tuanze na hesabu, na usikimbie, ni fupi. Picha moja ya video ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Kila pikseli ikiandikwa kwa baiti tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, fremu moja inakula megabaiti sita na kidogo. Sekunde moja ina fremu 30. Hiyo ni karibu megabaiti 187 kwa kila sekunde, na dakika nne za nyanya zingekuwa gigabaiti 45 hivi. Simu yangu haikuwa na nafasi hiyo hata ningefuta kila kitu ndani yake. Faili niliyoikuta baada ya kurekodi ilikuwa megabaiti 500 na ushee. Na ile niliyoiweka kwenye kundi la familia mwaka uliofuata ilikuwa chini ya 16, kwa sababu wakati huo WhatsApp haikupokea video kubwa kuliko hapo. Gawanya. Katika kila baiti 2,800 ambazo zingeandikwa kama kila kitu kingehifadhiwa, moja ndiyo iliyofika.

Nilikuwa nafanya kazi hii kila siku na sikuwahi kujiuliza zile 2,799 huenda wapi. Ni kama mpishi ambaye hajawahi kujua gesi inatoka wapi. Anachojua ni kwamba ukizungusha, moto unawaka.

Nyingi hazikupotea, na hapo lazima niwe mwadilifu. Nyanya amekaa kwenye kigoda. Ukuta nyuma yake ni ule ule, mafiga ni yale yale, sufuria haijasonga. Kwa nini utume ukuta mara 30 kwa sekunde? Kodeki, yaani ile kanuni ya kubana na kubanua video, hutuma fremu moja kamili, halafu fremu zinazofuata huziandika kama maagizo. Ukuta, chukua wa fremu iliyopita. Kipande hiki cha mkono, kitoe pale kilipokuwa, kisogeze pikseli tatu na robo kulia. Ndiyo, na robo. H.264, kiwango kilichopitishwa mwaka 2003 na ambacho hadi leo kimo karibu kwenye kila simu, hupima mwendo hadi robo ya pikseli. Baada ya maagizo hutumwa masahihisho: tofauti kati ya makisio na kile kamera ilichokiona. Kuna hata fremu zinazokisiwa kutoka pande zote mbili, nyuma na mbele, kwa kuazima fremu ambayo wewe mtazamaji bado hujaonyeshwa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokitazama kwenye simu haikutumwa kama picha. Imetumwa kama sentensi moja inayorudiwa: kama mwanzo, isipokuwa hapa na hapa.

Nilipoelewa hivyo, nilimwona shangazi. Yeye naye ana fremu moja kamili ya mama yake, ya asubuhi ile ya 2016 aliposindikizwa hadi stejini, nyanya amejifunga kanga mbili kwa sababu ya baridi ya Wundanyi. Kila kitu baada ya hapo kilimfikia kama masahihisho. Mama amekonda kidogo. Mama ameng'oa jino. Mama siku hizi anatembea na mkongojo. Na sisi tuliobaki nyumbani ndio tuliokuwa tunachagua masahihisho ya kutuma. Mengine hatukutuma. Nitalirudia hili.

Sasa, upotevu wenyewe. Unaanza na rangi. Jicho la binadamu lina zaidi ya seli milioni 90 za kupokea mwanga na giza, lakini za rangi ni kama milioni sita tu, na kwa rangi hatuoni vizuri mambo madogo madogo. Wahandisi wanalijua hilo tangu enzi za televisheni. Kwa hiyo video ya kawaida huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi moja hugawanwa na pikseli nne. Kovu la nyanya lilikuwa zaidi jambo la rangi kuliko la mwangaza. Likawa limeshapoteza robo tatu ya ushahidi wake kabla hata kazi haijaanza.

Kisha kuna hesabu ya Nasir Ahmed. Huyu ni mhandisi kutoka India aliyekuwa akifundisha Kansas, Marekani, na mwaka 1974, pamoja na Natarajan na Rao, alichapisha njia ya kuchukua kipande kidogo cha picha na kukieleza kama mchanganyiko wa michoro ya mawimbi: mengine mapana na ya polepole, mengine membamba na ya haraka. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameomba pesa za utafiti huo kwa shirika la sayansi la serikali ya Marekani akakataliwa. Leo karibu kila picha iliyo kwenye simu yako imepita kwenye wazo hilo au mtoto wake. Mawimbi mapana hubeba vitu vikubwa: shavu, ukuta, kivuli. Yale membamba hubeba nywele, nyuzi za kanga, mikunjo. Makovu.

Hesabu hiyo peke yake haitupi kitu. Anayetupa ni hatua inayofuata, ambapo kila nambari hugawanywa na kufanywa nambari kamili, kama mwenye duka asiye na chenji. Wimbi lenye nguvu ya 200 likigawanywa kwa 20 linakuwa 10, na kule mwisho likizidishwa linarudi 200, salama. Wimbi lenye nguvu ya 7 likigawanywa kwa 20 linakuwa sifuri. Na sifuri uizidishe kwa chochote, inabaki sifuri. Kadiri unavyotaka faili ndogo ndivyo kigawanyo kinavyokuwa kikubwa, na mimi nilitaka faili ndogo sana. Jikoni kulikuwa na giza, mwanga ulitoka mlangoni tu, ngozi ya nyanya ilikuwa nyeusi na mkono ulikuwa unatembea. Kovu lilikuwa 7.

Mwishoni kabisa kuna chujio linalopita kwenye mipaka ya vile vipande na kuilainisha ili usione viboksi. Kwa hiyo kweli alipakwa filta, shangazi. Sema tu si mimi niliyempaka.

Au ni mimi?

Rafiki yangu mmoja, mtu wa falsafa na chai nyingi, aliniambia najitesa bure. Hakuna picha isiyotupa, akasema. Jicho lako lenyewe lina seli zaidi ya milioni 90 lakini mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo una nyuzi kama milioni moja tu. Tayari umebana kabla hujajua umeona. Una doa la upofu katika kila jicho na ubongo unaliziba kwa makisio. Helmholtz, Mjerumani wa karne ya 19, alishasema kwamba kuona ni kuhitimisha bila kujua unahitimisha. Basi unalilia video gani iliyo safi? Hata ungekuwa jikoni pale kwa miguu yako, ungeona nyanya aliyebanwa.

Hoja ni nzito na sina namna ya kuipangua yote. Lakini kuna kitu inakiruka. Jicho langu linatupa kwa niaba yangu, na nikitaka zaidi naweza kusogea karibu, kuinua ule mkono, kuugeuza penye mwanga. Kodeki inatupa kwa niaba ya mtu mwingine ambaye hawezi kusogea. Inamwamulia kisichomhitaji kuonekana. Na inaamua kwa jicho la nani? Viwango hivi hupimwa kwa watu. Kuna hata mwongozo wa kimataifa, BT.500, wa namna ya kuwakaa watu mbele ya skrini, umbali gani, mwanga gani chumbani, wakatoa alama kwa video moja baada ya nyingine. Alama zao zikijumlishwa hupatikana mtazamaji wa wastani. Silalamikii upimaji huo. Utapima kwa namna gani nyingine? Ila katika chumba kile hakuna aliyeketi kumtazama mama yake. Mtazamaji wa wastani hamjui marehemu.

Nimesikia wanaosema kodeki zinabagua ngozi nyeusi. Filamu za zamani, sawa, hilo liko kwenye kumbukumbu: Kodak ilisambazia maabara kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na rangi za kila mtu zikapimwa kwa ngozi yake. Kodeki haijui ngozi ni nini. Inajua nambari tu. Lakini gizani nambari za ngozi nyeusi husongamana, tofauti zinakuwa ndogo, na kitu kinachotupa tofauti ndogo kitamtupa aliyeko gizani kwanza. Haikuhitaji kumchukia. Ilihitaji tu kubana matumizi.

Na huko mbele mambo hayajatulia. H.265 ya 2013 ilipunguza ukubwa kwa karibu nusu kwa ubora ule ule, H.266 ya 2020 ikalenga nusu tena. AV1, iliyotoka 2018, ina kitu ambacho kiliponifikia nilisimamisha kazi nikatoka nje kidogo. Filamu za zamani zina chembechembe, ule mchanga unaochezacheza kwenye picha, nao ni mgumu kubana. Kwa hiyo mtumaji anauchuja mchanga wote, anatupa, kisha anatuma maelezo mafupi: ulikuwa mchanga wa aina hii, wingi huu. Simu yako inapokea maelezo na kumwaga mchanga mpya, wake yenyewe. Hakuna chembe hata moja iliyokuwepo siku ya kurekodi, na macho yako yanaapa ni filamu yenyewe. Je, umedanganywa? Kwa mchanga, nadhani hapana. Hakuna anayelilia chembe fulani. Lakini ni nani atatuambia mahali ambapo mchanga unaisha na kovu linaanza?

Nauliza kwa sababu wazo hilo hilo lilinijia saa saba usiku.

Ningeweza kulirudisha. Ni kazi ya dakika 20 kwangu: chora kovu kwenye fremu moja, lifungie kwenye mkono, liache lifuate mwendo. Kwanza nilijaribu programu ya akili unde inayodai kurudisha ubora. Ilimpa nyanya mkono mzuri wa mzee, wenye mishipa na mikunjo mingi ya kuvutia, mkono wa nyanya wa mtu mwingine kabisa. Nikaifuta. Nikafungua programu yangu ya kawaida nikaanza kuchora.

Na hapa ndipo nilipokwama kwa kweli, sitaki kusema kwamba nilikuwa na jibu. Kovu lilikuwepo. Nyanya mwenye kovu ndiye wa kweli na nyanya laini ndiye wa uongo. Video ambayo sijaigusa inasema uongo, na video niliyoichezea ingesema ukweli. Kama ukweli ni kulingana na mambo yalivyokuwa, basi chora, kijana. Kwa nini mkono ulikuwa mzito?

Sababu moja niliipata kwa aibu. Sikukumbuka kovu lenyewe. Nilijua lipo, nilijua linaanzia kwenye kidole gumba. Lakini liliishia wapi? Kwenye kifundo? Lilikuwa na ncha moja au mbili? Miaka 20 na zaidi nimekula kutoka mkono ule na nilichokihifadhi ni maneno mawili: "kovu, kushoto". Mimi mwenyewe nilishamgawanya kwa 20. Ningechora kovu la kukisia, na shangazi angelitazama kwa miaka, na polepole lingekaa mahali pa lile alilolijua. Ningemnyang'anya hata kile ambacho kodeki haikufika kukichukua.

Ile nyingine ni ya kawaida zaidi. Wanaposoma wasifu wa marehemu pale kaburini, miaka 80 ikiwekwa kwenye kurasa mbili, mcha Mungu, mcheshi, mpenda wageni, hakuna anayeinuka kupinga. Sote tunajua ni mbano. Tunajua asili ilikuwa kubwa kuliko karatasi. Kubana hakujawa uongo kwa sababu hakuna aliyesema "huyu ndiye yeye, kamili". Mimi nilisema. Shangazi aliuliza swali sahihi, kwa jicho sahihi, na nikamwambia jicho lake ndilo lenye kosa. Ni video ile ile.

Na hakukuwa na asili tena. Hilo sikumwambia pia. Mwaka 2020 laptopu ilijaa, nikawa na kazi ya harusi ya kuwasilisha Jumatatu, nikapita kwenye mafaili nikifuta. Ile ya megabaiti 500 niliiona kabisa. Nikajiambia ipo tayari kwenye kundi la familia. Ningeiacha, pengine kovu lingekuwepo, maana megabaiti 500 si 16. Kigawanyo kinaweza kuchaguliwa upya mara elfu mradi asili ipo. Asili ikiondoka, umemchagulia kila atakayekuja baadaye, wakiwemo wale ambao bado hawajajua watataka kuona nini.

Siwezi kumalizia bila kusema kile ambacho kingekuwa uongo kukinyamazia: kodeki hizi hizi ndizo zilizompeleka shangazi kaburini. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, aliyeshika simu alikuwa amesimama juu ya jiwe kutafuta laini, picha ikakwama mara kadhaa. Wakati mmoja fremu kamili ilipotea njiani, masahihisho yakaendelea kumiminika juu ya picha ya zamani, na uso wa mchungaji ukatembea ukiwa umevaa majani ya mgomba. Shangazi alicheka, huko bafuni, akilia. Alituambia baadaye. Bila kubana asingeona hata majani.

Jumapili iliyofuata nilimpigia kabla hajanipigia. Nikamweleza yote, kwa Kiswahili cha kawaida, kama nilivyokueleza wewe ila bila nambari nyingi. Kwamba sikumtengeneza nyanya lakini kovu lilitupwa, kwamba mimi ndiye niliyeamua ukubwa, kwamba asili niliifuta kwa sababu ya harusi ya watu nisiowajua. Nilimwambia pia kuhusu kuchora.

Alikaa kimya hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akanieleza kovu. Lilianza kwenye fundo la kidole gumba, likashuka kwa nje ya mkono, likagawanyika mara mbili kabla ya kifundo. Lilitokana na uji. Yeye alikuwa na miaka sita, aliambiwa asiguse sufuria, akagusa, na mama yake akaingiza mkono kati ya uji na uso wa mtoto. Sijawahi kuisikia habari hiyo. Nadhani hata baba haijui.

"Ndiyo maana nililitafuta," akasema. "Si mambo ya urembo."

Nikamwambia pole. Akauliza kama sauti nayo imetupwa. Nikasema kiasi, zile ambazo sikio halizisikii sana, lakini kicheko ni chake. Akasema hicho anakijua, hakuhitaji kuniuliza.

Halafu akasema, "Na kuna kingine mlichoona sikihitaji?"

Nyuma yake mtoto wa mwajiri alikuwa anamwita kwa jina ambalo si lake. Nilimwambia asubiri kidogo. Nikatoka nje, nikapanda hadi juu ya nyumba kwenye matangi ya maji, ambako mtandao ni mzuri. Kisha nikaanza na mwezi wa Machi 2020, siku nyanya alipoiona picha yake ukutani akatuuliza huyu msichana ni nani.